Mzongo wa Pembetatu kwenye Karatasi ya Miraba

Namba nzima, yaani 0, 1, 2, 3 na kuendelea pasipo mwisho, kwa kawaida hupangwa katika mstari mmoja ulionyooka, na ingawa mpangilio huo una faida ya wepesi, unazinyima namba ujirani, kwa kuwa kila moja hubaki na majirani wawili tu, iliyoitangulia na inayoifuata. Katika mstari huo 31 na 97 hazina la kuhusiana zaidi ya umbali wa hatua 66. Lakini mstari huohuo ukikunjwa na kuzungushwa juu ya karatasi ya miraba, namba zilizokuwa mbali hukutana ubavu kwa ubavu au kona kwa kona, na hapo ndipo jicho la mwanadamu, ambalo hupenda kuunganisha vitu vinavyogusana, huanza kuona njia, mistari na mapengo. Sura hii inachunguza mkunjo mmoja wa aina hiyo, ambao haukupata umaarufu wa ndugu yake wa mraba, na inajaribu kutenganisha mambo mawili ambayo picha huyachanganya: yale yanayotoka katika namba zenyewe na yale yanayotoka katika karatasi.

Mkunjo huo utaitwa hapa mzongo, neno linalotokana na kitenzi zonga, kwa maana ya mstari unaoanzia katikati na kuizunguka njia yake wenyewe bila kuikata, kama ukili unavyoshonwa ukingo kwa ukingo ukazidi kupanuka. Ili uwe wa pembetatu, mzongo sharti upinde mara tatu katika kila mzunguko. Karatasi ya miraba, hata hivyo, haina pembe za nyuzi 60 ambazo pembetatu pacha, yaani yenye pande tatu zilizo sawa, huzihitaji, na kwa sababu hiyo pembetatu inayowezekana kwa urahisi ni pembetatu mraba, yenye upande mmoja uliolala, mmoja uliosimama wima, na wa tatu uliokwenda mshazari, ambao wanahisabati huuita hipotenusi. Namba 0 huwekwa katika chumba kimoja cha karatasi. Kutoka hapo mwandishi huenda hatua moja mashariki, kisha hatua mbili kaskazini-magharibi akipita kona kwa kona, kisha hatua tatu kusini, kisha nne mashariki, tano kaskazini-magharibi, sita kusini, na kuendelea hivyo, kila upande ukizidi uliotangulia kwa hatua moja tu. Namba 28 za mwanzo zikishaandikwa, karatasi huonekana hivi:

15
16 14
17 3 13
18 4 2 12
19 5 0 1 11
20 6 7 8 9 10
21 22 23 24 25 26 27

Hakuna chumba kilichorukwa wala kilichoandikwa mara mbili, na jambo hilo si la bahati. Kila upande mpya huweka safu moja kamili juu ya pembetatu iliyokwisha kujaa, na kuifanya pembetatu kubwa zaidi ya umbo lilelile. Chumba kimoja ni pembetatu; kikiongezwa safu ya vyumba viwili hupatikana pembetatu ya vyumba 3, ikiongezwa safu ya vitatu hupatikana ya vyumba 6, kisha 10, 15, 21 na 28. Hizi ndizo zinazoitwa namba za pembetatu, ambazo wafuasi wa Pythagoras huko Ugiriki ya kale walizichora kwa vijiwe, wakaitukuza 10 kwa namna ya pekee kwa kuwa ni jumla ya 1, 2, 3 na 4. Namba ya pembetatu iliyo katika nafasi ya k hupatikana kwa kuzidisha k kwa k + 1 na kugawanya kwa 2. Katika mzongo huu namba hizo hazikujificha hata kidogo, kwa sababu ndizo zinazokaa kwenye kona: mzongo hupinda kwenye 1, 3, 6, 10, 15, 21, na haupindi mahali pengine popote. Mwaka 1796, tarehe 10 Julai, kijana Carl Friedrich Gauss aliandika katika daftari lake kwamba amethibitisha kuwa kila namba nzima ni jumla ya namba tatu za pembetatu, 0 ikihesabiwa miongoni mwao. Kwa lugha ya sura hii, alithibitisha kwamba kona tatu za mzongo, na wakati mwingine kona moja ikitumika zaidi ya mara moja, hutosha kuijenga namba yoyote iliyomo ndani yake.

Kwa kuwa kona zinajulikana, mahali pa namba yoyote pia panajulikana pasipo haja ya kuuchora mzongo wote. Kanuni iliyojulikana tangu enzi za kale husema kwamba namba ya pembetatu ikizidishwa kwa 8 na kuongezwa 1 huwa namba ya mraba. Ili kuitafuta 1963, basi, huzidishwa kwa 8 na kuongezwa 1, na kupata 15,705, ambayo kipeuo chake cha pili ni 125 na sehemu kidogo. Ikiondolewa 1 na kugawanywa kwa 2, hupatikana 62 na sehemu. Maana yake ni kwamba kona iliyopitwa mwisho ni ya 62, nayo ina namba 1953. Kona za nafasi ya 2, 5, 8 na kuendelea kwa kuruka tatu, ambamo 62 imo, ni zile za juu kabisa, na kutoka hapo mzongo hushuka kusini. Kona ya 62 iko vyumba 21 magharibi na 42 kaskazini mwa 0. Hatua kumi za kushuka huifikisha 1963 kwenye chumba cha 21 magharibi na 32 kaskazini. Hesabu hiyo huchukua dakika moja kwa kalamu, ilhali kuandika namba 1963 kungechukua alasiri nzima.

Namba hiyo ya 1963 haikuchaguliwa ovyo. Ndio mwaka ambao Stanisław Ulam, mwanahisabati aliyezaliwa mwaka 1909 katika mji wa Lwów, ambao leo ni Lviv nchini Ukraine, na aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, alikaa akisikiliza wasilisho refu lisilomvutia, akachora mistari ya miraba kwa nia ya kutunga fumbo la sataranji, kisha akabadili nia na kuanza kuvijaza vyumba kwa namba kutoka katikati. Mzongo wake ulikuwa wa mraba, wenye kona nne kwa mzunguko. Alipozizungushia alama namba tasa, yaani namba kubwa kuliko 1 zisizogawanyika kwa namba nyingine ila 1 na zenyewe, aliona kwamba zinapendelea kujipanga katika mistari ya mshazari, jambo ambalo halikutarajiwa kwa namba ambazo sifa yake kubwa ni kutotabirika. Pamoja na wenzake Myron Stein na Mark Wells aliipeleka kazi hiyo kwenye kompyuta ya MANIAC II, ambayo utepe wake wa sumaku ulikuwa umehifadhi namba tasa milioni 90 za kwanza, na mwezi Machi 1964 Martin Gardner akaisimulia katika safu yake ya michezo ya hisabati kwenye jarida la Scientific American, likaitoa picha yake kwenye jalada. Ni haki kusema kwamba Ulam hakuwa wa kwanza kuona jambo la aina hii, kwani miaka thelathini na moja kabla yake, mwaka 1932, Laurence Klauber wa San Diego, mhandisi wa umeme anayekumbukwa zaidi kwa utafiti wake juu ya nyoka wa Marekani watoao mlio kwa mkia, alikuwa amekwisha kuwaonyesha wanahisabati namba zilizopangwa kwa umbo la pembetatu, ambamo kila safu iliishia kwenye namba ya mraba, na akaonyesha kwamba namba tasa hukusanyika kwenye baadhi ya mistari yake. Pembetatu ya Klauber, hata hivyo, ilikuwa rundo la safu zilizowekwa moja chini ya nyingine, wala haikuzunguka.

Mzongo wa pembetatu ulioelezwa hapo juu unasimama kati ya kazi hizo mbili, ukichukua umbo kutoka kwa Klauber na mzunguko kutoka kwa Ulam, na swali la kwanza analoliuliza yeyote anayeuona ni lilelile: namba tasa zimekaa wapi?

Jibu jepesi zaidi ni kutaja mahali ambapo hazipo. Namba ya pembetatu yenye nafasi kubwa kuliko 2 haiwezi kuwa tasa, kwa kuwa kati ya k na k + 1 moja ni shufwa, yaani hugawanyika kwa 2, na nusu ya hiyo shufwa pamoja na ile nyingine huwa vigawo viwili vilivyo vikubwa kuliko 1. Kutoka katikati ya mzongo, kwa hiyo, hutoka njia tatu kame zinazopita kwenye kona: 6, 21, 45, 78 upande wa kusini-magharibi, 3, 15, 36, 66 upande wa juu, na 1, 10, 28, 55 upande wa mashariki. Namba 3 ndiyo tasa pekee katika njia zote tatu. Mbili za kwanza ni vigawe vya 3 tangu mwanzo hadi mwisho, na katika ile ya tatu kila namba ikigawanywa kwa 9 hubakisha 1, utaratibu wa kupendeza ambao hauna faida yoyote kwa namba tasa.

Baada ya kona, hatua inayofuata ni kuutazama mstari ulionyooka, kwa mfano ule wa kwenda mashariki kutoka 0. Namba zake ni 0, 1, 11, 30, 58, 95, 141, 196, 260, 333, 415, 506, na tofauti kati ya jirani na jirani ni 1, 10, 19, 28, 37 na kuendelea, kila tofauti ikiizidi iliyotangulia kwa 9. Chanzo cha 9 hiyo ni rahisi: mzunguko mmoja una pande tatu, na kila upande wa mzunguko unaofuata ni mrefu kuliko wa sasa kwa hatua tatu, hivyo mzunguko mzima huongezeka kwa hatua tisa. Katika mzongo wa Ulam ongezeko hilo ni 8. Tofauti ya 8 na 9 huonekana ndogo, lakini ndiyo inayoitenganisha picha moja na nyingine, kwa kuwa 8 ni shufwa na 9 ni witiri, yaani haigawanyiki kwa 2. Kwa Ulam kila mshazari una namba za aina moja tu, ama shufwa zote ama witiri zote, na nusu nzima ya mishazari hukosa namba tasa, ukiacha 2, kwa sababu hiyo peke yake. Katika mzongo wa pembetatu, mstari wa mlalo hupokezana kwa jozi: 1 na 11 ni witiri, 30 na 58 ni shufwa, 95 na 141 ni witiri, 196 na 260 ni shufwa. Kadhalika kwa 3, kila namba ya tatu katika mstari huo hugawanyika. Kwa maneno mengine, mstari wa mlalo haupendelewi wala hauonewi. Hupoteza nusu ya namba zake kwa 2 na theluthi kwa 3, sawasawa na namba za kawaida zinavyopoteza, na mistari ya wima inayokwenda kaskazini upande huo wa hipotenusi ina hali hiyohiyo.

Mambo hubadilika mara tu jicho linapofuata mshazari unaoikabili hipotenusi, yaani njia ya kwenda kaskazini-mashariki kona kwa kona. Kila hatua ya njia hiyo huvuka mizunguko miwili badala ya mmoja, na tofauti kati ya namba na namba huwa kigawe cha 6 kila mara. Namba zote za mshazari mmoja, basi, hubakisha kiasi kilekile zinapogawanywa kwa 6, na baki hiyo ndiyo inayoamua hatima ya mshazari mzima. Namba tasa kubwa kuliko 3 lazima ibakishe 1 au 5, kwa sababu yenye baki 0, 2 au 4 hugawanyika kwa 2 na yenye baki 3 hugawanyika kwa 3. Ili kuzijua baki za mishazari yote inatosha kuzisoma kwenye ule mstari wa mlalo ambako mingi inaanzia: 0, 1, 11, 30, 58, 95, 141, 196, 260, 333, 415, 506 hubakisha 0, 1, 5, 0, 4, 5, 3, 4, 2, 3, 1, 2, na baada ya hapo mfuatano huo wa baki kumi na mbili hujirudia milele. Katika kila mishazari kumi na miwili, kwa hiyo, minane imefungwa na minne tu imeachwa wazi, nayo ni inayoanzia 1, 11, 95 na 415 pamoja na wenzao wa kila duru. Namba tasa zote za upande huo, ukiacha 2 na 3, hulazimika kusongamana katika theluthi moja ya mistari.

Hapa ndipo mtazamaji anapopaswa kuwa mwangalifu, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzuri anaouona si siri ya namba tasa. Ni hesabu ya 6 iliyochorwa upya. Mtu angeweza kuondoa namba tasa kabisa na kutia rangi namba zote zisizogawanyika kwa 2 wala kwa 3, zikiwemo 25, 35 na 49, na milia ingeonekana palepale, tena iliyokolea zaidi.

Hata hivyo, sehemu iliyobaki ndiyo yenye utamu. Mishazari iliyo wazi haifanani katika utajiri, na tofauti zao haziwezi kuelezwa kwa 6. Ule unaoanzia 1 una namba 1, 31, 97, 199, 337, 511, 721, 967, 1249, 1567. Ukiacha 1, ambayo kwa makubaliano haihesabiwi kuwa tasa, kati ya namba tisa saba ni tasa, na mbili tu zimevunjika: 511 ambayo ni 7 mara 73, na 721 ambayo ni 7 mara 103. Ili kuupima wingi huo, ikumbukwe kwamba karibu na 1000 namba tasa ni takriban moja katika kila namba saba. Kwa kulinganisha, mshazari wa jirani uliokatwa na hipotenusi kwenye 13, ambao nao uko wazi, una 13, 61, 145, 265, 421, 613, 841, 1105, 1405, 1741, na kati ya hizo kumi tasa ni tano.

Sababu ya tofauti hiyo huonekana namba zinapovuliwa nguo. Kila namba ya mshazari wa kwanza ni mara mbili ya namba ya mraba ikiondolewa 1, yaani 2m² − 1, ambapo m huwa 1, 4, 7, 10, 13 na kuendelea kwa kuongeza tatu: mara mbili ya 16 toa 1 ni 31, mara mbili ya 49 toa 1 ni 97, na mara mbili ya 100 toa 1 ni 199. Namba ya mraba ikigawanywa kwa 5 hubakisha 0, 1 au 4, kamwe haibakishi 2 wala 3. Mara mbili ya mraba toa 1, basi, hubakisha 4, 1 au 2, na 0 haipatikani hata kwa bahati. Namba 5 imezuiwa kuugusa mshazari huo. Kwa hoja ya namna hiyohiyo 11, 13 na 19 zimezuiwa pia, kwa kuwa kanuni ya jumla husema kwamba wanaoweza kuingia ni namba tasa zinazobakisha 1 au 7 zinapogawanywa kwa 8, yaani 7, 17, 23, 31, 41, 47 na wenzao. Mshazari usiogawanyika kwa 2, 3, 5, 11, 13 wala 19 umeepushwa na wavunjaji wakubwa karibu wote, na kilichobaki cha kuutisha ni 7, ambayo huja kwa ratiba: hupiga namba mbili zinazofuatana, kisha huacha tano zipite, kisha hurudi. Ndiyo maana 511 na 721 zimekaa pamoja.

Mshazari wa 13 una asili nyingine. Namba zake ni jumla za miraba miwili inayofuatana, 4 na 9 kwa 13, 25 na 36 kwa 61, 64 na 81 kwa 145, na jumla za aina hiyo haziwezi kugawanyika kwa 7, 11 wala 19, bali ziko wazi kwa 5, 13, 17 na 29. Zimefungiwa mlango kwa 7 na kufunguliwa kwa 5, na kwa kuwa 5 huvunja namba mbili katika kila tano ilhali 7 huvunja mbili katika kila saba, mshazari huo hulipa gharama kubwa zaidi. Hilo si jambo la mpangilio tena. Karatasi ikichanwa na namba zikapangwa vinginevyo, 2m² − 1 itaendelea kuikataa 5.

Lakini karatasi ina jambo lake la mwisho la kusema. Anayeuchora mzongo huu hadi namba elfu kadhaa na kutia wino kwenye namba tasa huona milia iliyo wazi upande wa hipotenusi, na pande nyingine mbili huziona zimetapakaa vumbi lisilo na utaratibu. Angeweza kudhani kwamba hipotenusi ina fadhila za pekee, na dhana hiyo ingekuwa na makosa, kwa kuwa hesabu ya pande zote tatu ni moja. Upande wa magharibi nao una njia ambazo baki yake kwa 6 haibadiliki, kama 5, 41, 113, ambazo zote ni tasa, au 19, 73, 163, ambazo nazo zote ni tasa. Tofauti ni kwamba ili kutoka 5 kwenda 41 sharti kusogea vyumba viwili magharibi na kimoja kaskazini, mruko ambao mchezaji wa sataranji anaufahamu kuwa ni wa farasi, na upande wa kusini njia hizo nazo huenda kwa mruko wa farasi, vyumba viwili kusini na kimoja mashariki. Vyumba vilivyotengana kwa mruko wa farasi havigusani hata kwa kona. Jicho halina cha kushika, na mstari uliopo kweli katika hesabu haupo katika picha.

Kama mzongo huohuo ungechorwa kwenye karatasi ya pembetatu pacha, ambamo kila nukta ina majirani sita walio umbali mmoja, pande tatu zingefanana kabisa, na hasara ingekuwa kwamba mshazari wa 1, 31, 97 ungeachana, kwa kuwa umbali wa kutoka namba moja hadi nyingine ungekuwa mkubwa kuliko umbali wa majirani kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha 3, yaani karibu mara 1.73. Karatasi ya miraba, kwa kuipotosha pembetatu, iliuvuta upande mmoja ukaribiane na ikazisukuma nyingine mbili mbali. Kipo kinaya kidogo katika jambo hili, kwa sababu ile karatasi ya Ulam ilichorwa kwa ajili ya sataranji, na katika mzongo wa pembetatu anayejua kumwendesha farasi huona theluthi mbili za mistari ambazo mwingine hazioni.

Uchaguzi wa namba ya kuanzia nao una nguvu yake. Wengi hupenda kuanza na 1 badala ya 0, kama Ulam mwenyewe alivyofanya, na kwa mzongo wa pembetatu kufanya hivyo ni kuihamisha mistari yote yenye rutuba. Mshazari wa 1, 31, 97 hugeuka kuwa 2, 32, 98, wote shufwa, na tasa zake zote hutoweka isipokuwa 2. Kona zilizokuwa kame huwa 2, 4, 7, 11, 16, 22, 29, 37, 46, 56, 67, 79, na miongoni mwake tasa ni 2, 7, 11, 29, 37, 67 na 79. Anayetaka mshazari wa ajabu katika mzongo wa Ulam huanza na 41, kwa kuwa huko ndiko inakojitokeza fomula ambayo Leonhard Euler aliitaja mwaka 1772, ambayo kwa umbo lake linalotumika sana leo ni n² + n + 41, inayotoa namba tasa kwa kila n kuanzia 0 hadi 39, ikashindwa kwenye 40 ambapo hutoa 41 mara 41. Hakuna kituo cha mzongo kilicho sahihi kuliko vingine. Kila kimoja huileta fomula fulani mbele na kuisukuma nyingine nyuma.

Kuhusu wingi wa tasa katika mshazari wowote wa aina hii, Godfrey Hardy na John Littlewood walitoa mwaka 1923 nadharia tete, yaani dai lenye hoja nzito lisilothibitishwa bado, inayokadiria ni tasa ngapi zitapatikana kwa kuzidisha athari za vigawo kimoja kimoja: 5 imezuiwa au inaruhusiwa, 7 imezuiwa au inaruhusiwa, na kuendelea. Makadirio hayo hulingana vizuri na hesabu za kompyuta, na ndiyo maelezo bora yaliyopo ya milia ya Ulam na ya mzongo huu pia. Pamoja na hayo, hakuna aliyethibitisha, kwa mshazari hata mmoja wa mizongo hii, kwamba namba tasa zake hazina mwisho. Mshazari wa 2m² − 1 unaendelea baada ya 1567 kwa 1921, ambayo ni 17 mara 113. Kisha 2311, ambayo ni tasa. Kisha 7 inawadia kwa zamu yake na kuzipiga mbili mfululizo, 2737 na 3199, ya kwanza ikiwa imevunjwa na 7, 17 na 23 kwa pamoja. Na katika chumba cha 15 mashariki na 14 kaskazini mwa 0 inakaa 3697, tasa tena.